Des Moines, Iowa: tupange katikati ya mji au nje? Waliokaa huko nisaidieni

BINT KIKWAJUNI

Assalaam aleykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na wengine wote mliomo humu.

Mume wangu kaondoka Septemba iliyopita, amepata kazi ya maabara hospitali huko Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, Marekani. Viza yangu na ya mwanangu zimetoka wiki iliyopita, alhamdulillah, na inshaallah mwisho wa Januari tunasafiri. Mtoto ana miaka 4. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nimeomba likizo bila malipo.

Sasa mume wangu anakaa chumba kimoja na mwenzake wa kazini, na lazima apate nyumba kabla hatujafika. Ameona mbili. Moja ni fleti ya chumba kimoja na ukumbi, ghorofa ya 6, katikati ya mji, karibu na barabara inayoitwa Court Avenue. Nyengine ni ya vyumba viwili West Des Moines, nje kidogo, ina uwanja wa majani na pahala pa kuweka gari. Kodi zinakaribiana. Gari hatuna, na mimi kuendesha sijui. Mkataba ni wa mwaka mzima na anatakiwa atie saini kabla ya tarehe 10.

Roho yangu iko mjini. Nimezaliwa na kukulia kwenye fleti za Wajerumani hapa Kikwajuni. Nimezoea nikifungua dirisha namsikia muuza kahawa anagonga vikombe, nikishuka ngazi nishaamkiana na nyumba nne, na kwenda Darajani kununua samaki ni mwendo wa miguu. Nilipomwambia mume wangu achukue ya mjini, akanitumia video. Kairikodi Jumapili saa 2 usiku. Barabara pana, taa zote zinawaka, majumba marefu, na mtu hata mmoja hapiti. Nimeitazama mara tatu. Nilidhani kuna jambo limetokea watu wameambiwa wasitoke. Anasema hapana, kila Jumapili ndivyo.

Nimeingia hofu. Kutwa nzima yeye atakuwa kazini, mimi na mtoto ndani. Aliyekaa katikati ya mji ule, au mji wa aina ile, anieleze kwa ukweli. Mtu bila ya gari anaishi vipi? Nyama ya halali inapatikana wapi? Baridi inabebekaje na mtoto? Na majirani, je, mtu anapata wa kuzungumza naye?

---

MZEE WA MALINDI

Binti, chukua ya nje. Mimi nilikuwa Columbus, Ohio, si Iowa, lakini miji ile ya kati ya Marekani inafanana. Kwetu ukisema "mjini" unasema pahala penye watu. Kule wenye familia walikwisha hamia pembezoni zamani, kati ya mji wamebaki vijana wasio na watoto na maofisi. Chumba kimoja na mtoto wa miaka 4 wakati wa theluji ni mtihani. Uwanja atauona faida yake ukifika Mei. Gari mtanunua, hakuna asiyenunua.

---

MAMA NASSRA WA KIPONDA

Waaleykum salaam mdogo wangu. Mzee wa Malindi nampa heshima yake, lakini mimi nakwambia kinyume.

Nimekaa Des Moines tokea Januari 2017 mpaka katikati ya 2021, na muda wote huo nilikaa katikati ya mji, hatua chache kutoka hiyo Court Avenue. Nimefika na Nassra ana miezi 14. Gari tulinunua mwaka wa tatu. Kwa hiyo hii miaka miwili ya mwanzo nimeijua kwa miguu.

Video haikukudanganya. Mji una watu zaidi ya laki 2, ila katikati si pahala wanapolala wengi wao. Ni pahala pa ofisi, na khasa ofisi za bima, maana Des Moines bima ndiyo karafuu yao. Jengo refu kuliko yote katika Iowa liko hapo, 801 Grand, ghorofa 45, na ndani ni ofisi juu ya ofisi. Asubuhi magari yanamiminika, saa 11 jioni yanatoka, na Magharibi ikiingia barabara ni yako peke yako. Mwezi wa mwanzo nilikuwa nalia jikoni ili mume wangu asinione. Nilikuwa nasimama dirishani ghorofa ya 5 nahesabu wapitao. Jioni moja ya Jumapili niliwahesabu wanne mpaka nikaenda kulala.

Na giza. Hili hakuna aliyeniambia kabla, wewe nakwambia. Disemba jua linazama saa 11 kasorobo. Kutoka Adhuhuri mpaka Magharibi ni kiasi cha saa 4 na nusu tu, ukizubaa sala zinakupita. Halafu Juni Magharibi inaingia saa 3 kasoro dakika 10 usiku. Ramadhani yangu ya kwanza kule ilianguka mwisho wa Mei mpaka Juni 2017, tukifunga saa 17 kwa siku. Sisi ambao Magharibi yetu haiwahi kuvuka saa 1 mwaka mzima, mwili unashangaa. Wakati wa baridi mama yangu akimaliza Isha hapa saa 2 usiku, kwangu ilikuwa saa 5 asubuhi, ndio wakati wetu wa kuzungumza. Jiwekee saa yenu na mama yako tokea wiki ya kwanza, na usiikose.

Sasa kwa nini nasema kaa mjini.

Kati ya mji ule kuna njia za juu. Ni vijia vilivyofungwa kwa vioo, vimepita juu ya barabara kwenye ghorofa ya pili, vinaunganisha jengo na jengo. Jumla yake ni kiasi cha maili 4, yaani zaidi ya kilomita 6. Mwisho wa Januari 2019 ilishuka baridi ya zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Siku ile mlango wa nje hufungui kwa khiari yako. Lakini Nassra na kigari chake alitembea zaidi ya saa nzima ndani ya vijia vile, na sweta tu, anatazama magari yaliyofunikwa theluji chini ya miguu yake. Mwenzangu aliyekuwa akikaa nje ya mji, wiki ile hakutoka kabisa, yeye na watoto wake watatu.

Na huko juu ndiko nilikopata mtu. Nilikuwa na wiki ya tatu. Saa 11 na nusu jioni, wenye ofisi wameshaondoka, nasukuma kigari nikisikia magurudumu yake tu. Nyuma ya mlango wa kioo mwanamke anazungumza kwa simu: "Bape wali, maharagi iko mu frigo." Miguu yangu ilikataa kwenda. Nikagonga kioo kwa mkono wote. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka Uvira, ana ndoo na mfagio wa maji, anasafisha ghorofa mbili za ofisi kila siku mpaka saa 4 usiku. Kiswahili chake si changu, ila siku ile nilikisikia kama cha kwetu Kiponda. Akaniambia, mbona tuko wengi, Wakongo na Warundi, kila jengo lina wetu. Kumbe saa 11 mji hauhamwi, unabadilisha zamu. Wanaoshuka wanaonekana kwa sababu wana magari. Wanaopanda wanakuja kwa basi na wanaingilia milango ya nyuma.

Tokea siku ile nilikuwa natoka saa 11 na robo kusudi. Ndio wao waliokuwa baraza yangu. Dakika kumi huku, dakika kumi kule, wakiwa wanasubiri lifti au wanabadilisha maji. Duka la nyama ya halali wao ndio walionipeleka, duka la Kiafrika lenye unga wa mhogo wao pia. Hayo maduka hayako kati ya mji, unapanda basi. Njia kubwa za mabasi zinakutana kati ya mji, kwenye stesheni iliyoko mtaa wa Cherry, kwa hiyo ukikaa hapo kila pahala ni basi moja. Ukikaa nje, kila pahala ni mabasi mawili na kusubiri kwenye baridi. Wakati wangu kulikuwa na basi ya bure pia, ikizunguka kati ya mji mpaka kwenye Bunge la jimbo, lile jengo lenye kuba la dhahabu. Muulize mume wako kama bado ipo.

Vitu vya kila siku nilikuwa nanunua duka kubwa la vyakula, Hy-Vee ya Court Avenue, kwa miguu. Maktaba kuu iko upande wa magharibi wa kati ya mji, nyumba ya vioo vyenye wavu wa shaba ndani yake, imefunguliwa 2006. Ni bure, kuna joto, kuna saa za hadithi za watoto, na hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini. Mwanao mpeleke wiki ya kwanza. Mbele yake kuna bustani ya masanamu, na katikati yake pana sanamu jeupe, kubwa kama nyumba, la mtu aliyekaa kajikunyata. Mwili wake wote umefumwa kwa herufi na unaingia ndani yake. Linaitwa Nomade, kalitengeneza Jaume Plensa, Mhispania. Nassra herufi zake za mwanzo alizishika pale, kwa kidole.

Ukifika Mei ndio utaona kuwa ule ni mji. Kila Jumamosi asubuhi, Mei mpaka Oktoba, Court Avenue na mitaa ya pembeni inafungwa na wakulima wanaweka soko. Utasikia kelele, utasukumwa, utaonja. Mimi mara ya kwanza nilisimama katikati ya watu nikavuta pumzi kama niliyetoka majini. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kitai Dam akiuza pilipili, mabilingani membamba na mabamia. Hao Tai Dam ni watu wa kule Asia ya Kusini Mashariki, walikimbia vita, na gavana wa Iowa wa wakati huo, Robert Ray, akawapokea mwaka 1975 kwa wingi ili wasitenganishwe. Kiingereza chake na changu vilikuwa sawa kwa udogo. Alikuwa ananiwekea pilipili mbuzi chini ya meza, nikichelewa nazikuta.

Nikirudi kwenye swali lako la majirani. Katika lifti watu watakwambia "hai" na watatazama namba za ghorofa. Usiudhike, na usikae kimya. Mimi Idi ya kwanza niligonga milango ya ghorofa yetu na sahani za visheti. Milango 9, ilifunguliwa 5. Mmoja alikuwa mzee Mmarekani mweusi, karibu miaka 80, na huyo akawa babu wa Nassra mpaka tunaondoka. Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini mji mtupu. Kazaliwa mtaa wa Center Street, kaskazini-magharibi ya hapo. Ulikuwa mtaa wa watu weusi, una maduka yao, vinyozi vyao, kumbi za muziki zinazojaa mpaka alfajiri. Kisha ikaja mipango ya kuujenga mji upya na barabara kuu, I-235, na mtaa ukavunjwa. Barabara ilipokwisha, wenye uwezo wakaweza kukaa mbali na kuja kazini kwa gari, na jioni kuondoka. Nikamwambia yule mzee kwamba bibi yangu naye nyumba yake ya Ng'ambo ilivunjwa, yakajengwa majumba ya Michenzani. Akaniuliza: akapelekwa wapi? Nikamwambia alipewa fleti pale pale, na majirani zake wawili wakawa ngazi moja naye. Akanyamaza sana. Akasema, sisi hatukupewa ngazi.

Nimeandika mengi, na bado sijasema mabaya, nayo uyajue. Court Avenue ndiyo barabara ya baa. Ijumaa na Jumamosi usiku kuna ulevi na makelele mpaka saa 8, na kusini yake kuna reli, treni za mizigo zinapiga honi usiku wa manane. Muulize mume wako dirisha la chumba cha kulala linaangalia wapi. Likiangalia baa, asitie saini hata kidogo, bora atafute East Village, ng'ambo ya mto. Njia za juu maduka yake ya chakula ni ya watu wa ofisi, mwisho wa wiki yamefungwa, na kwenye korona ya 2020 ofisi zilipohama mengi yalifunga. Msikiti hauko kati ya mji. Ijumaa mume wangu alikuwa anachukuliwa na mwenzake wa kazini.

Kuhusu mkataba: sheria ya Iowa hairuhusu mwenye nyumba kuchukua dhamana inayozidi kodi ya miezi 2, na ukihama, ukishampa anwani yako mpya, ana siku 30 kuirudisha au kukueleza kwa maandishi kakata nini na kwa nini. Siku ya kupokea funguo mume wako apige picha kila ukuta, kila doa la zulia. Sisi picha hizo ndizo zilizotuokoa.

---

MCHAKECHAKE

Dada yangu, mimi ni Mpemba na ninakaa huko huko hivi sasa, Ankeny, kaskazini ya Des Moines, nina watoto watatu. Mama Nassra kasema kweli tupu kuhusu kutembea. Mke wangu miezi 7 ya mwanzo, kabla hajapata leseni, alikuwa kama aliyetiwa kisiwani bila mtumbwi. Barabara ya mbele yetu ina njia ya miguu mpaka kwenye kona, halafu inakwisha kwenye majani. Duka la karibu ni dakika 40 kwa miguu. Nilikuwa narudi kazini namkuta kakaa pale pale nilipomwacha. Hilo najuta.

Lakini utazame na skuli. Kule skuli ya serikali unapangiwa kwa anwani ya nyumba yako. Ukitia saini nyumba umeshatia saini skuli. Mwanao ana miaka 4, na Iowa ina mpango wa jimbo wa skuli ya awali kwa watoto wa miaka 4, angalau saa 10 kwa wiki, mumeo aulize nafasi sasa hivi maana zinajaa. Chekechea rasmi anaingia akiwa ametimiza miaka 5 ifikapo tarehe 15 Septemba. Kwa hiyo fleti ya mjini kwa mwaka mmoja haina ubaya kwa umri wake. Mwaka wa pili ndio mkae mfikirie tena.

Jambo la pili ni hewa ya huko. Watu wanazungumza theluji tu. Tarehe 10 Agosti 2020 ulipita upepo unaitwa derecho, jambo sikuwahi kuliona, mchana ukawa kiza, miti mikubwa imelala barabarani kama migomba. Kwetu umeme ulikatika siku 4. Ving'ora vya tahadhari vikilia, unashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kama hakipo basi chumba cha ndani kisicho na dirisha, au ngazi za jengo. Mwezi mara moja vinajaribiwa, usije ukafa na hofu. Mtoto mfundishe mapema.

Koti la mtoto usinunue Darajani. Yale ya mitumba yaliyoko hapa ni ya baridi ya London. Nunueni huko huko, maduka ya vitu vilivyotumika yamejaa, na viatu mchukue saizi moja zaidi ili soksi mbili zienee.

---

BINT KIKWAJUNI

Jamani, ahsanteni. Mama Nassra, nimeisoma yako mbele ya mama yangu, na nilipofika pale pa "sisi hatukupewa ngazi" aliniambia nirudie.

Mzee wa Malindi nakuheshimu baba, lakini nimeshamwambia mume wangu. Kaenda jana kuitazama fleti tena. Dirisha la chumba linaangalia kaskazini, baa ziko upande wa pili, treni anasema utaisikia lakini kwa mbali. Leo anatia saini.

Nimebakiwa na mawili. Mimi bila ya kufukiza udi siku ya Ijumaa nahisi nyumba haijaamka. Inawezekana kwenye fleti? Na nibebe nini cha jikoni? Mama anataka kunipakilia mbuzi wa kukunia nazi, kinu na kila kitu.

---

MAMA NASSRA WA KIPONDA

Alhamdulillah, Mungu akuwekeeni kheri ndani yake.

Udi sikiliza vizuri. Ijumaa moja ya baridi yangu ya pili niliwasha cheteza ukumbini, madirisha yamefungwa kwa baridi. King'ora cha moshi kikalia cha jengo zima. Ghorofa zote 8 zikashuka kwa ngazi, wazee, watoto wachanga, watu na taulo za kuogea, tukasimama nje kwenye theluji mpaka zimamoto wakaja na gari mbili. Nililipishwa, na aibu ile naikumbuka mpaka leo. Baada ya hapo nilitumia cheteza cha umeme, udi unapashwa moto polepole, moshi wake ni mdogo. Cha Dubai kipo Darajani, ila angalia umeme: kule ni volti 120, chetu cha 230 hakitapata moto. Nunua kule, udi wenyewe ndio ubebe kutoka hapa. Kukaanga samaki ni vile vile, fungua dirisha na washa feni ya jikoni kabla mafuta hayajapata moto.

Mbuzi mwache kwa mama. Nazi iliyokunwa ipo kwenye maduka ya Kiasia, imegandishwa kwenye pakiti, na tui lake si baya. Kinu pia acha, kizito. Beba hiliki, mdalasini na karafuu za kwetu, zimefungwa vizuri na uzitaje kwa watu wa forodha ukifika, usifiche chochote. Kanga beba nyingi. Mimi niliitandika moja kwenye dirisha upande wa ndani, na mama wa Uvira alikuwa akipita barabarani anajua niko macho.

Na huyo bado yuko. Nimemwandikia jana usiku kuwa anakuja mdogo wangu na mtoto. Siku hizi anasimamia zamu ya jengo zima, lakini Jumapili hafanyi kazi. Anataka kuja kwako Jumapili ile ile ya kwanza, na chakula. Kaniuliza mtoto anakula sombe. Nimemjibu sombe ni kisamvu, anakula.